MIGUU YA MFANYAKAZI NA SINDANO YA MISHIPA

Mara nyingi ukurasa huu huzungumza habari za mishahara, likizo na malipo ya wenzetu walioumia kazini. Safari hii twawaomba mtazame chini, kwenye miguu yenu wenyewe. Yule asimamaye kutwa mbele ya mtambo wa kufuma nguo, au kwenye meza ya kuchambua chai, au katika banda la kufunga maua, akifika nyumbani jioni na avue viatu, akae penye mwanga, akague nyuma ya goti na upande wa ndani wa paja. Wengi wataona mistari myembamba ya buluu au ya zambarau iliyotawanyika kama utando wa buibui. Kwa mwenye ngozi nyeusi sana mistari hiyo haionekani upesi. Kwake huonekana zaidi ile mikubwa, iliyojinyonga kama kamba chini ya ngozi.

Katika tawi letu la kiwanda cha chai jambo hili lilianza kwa mama mmoja wa chumba cha kufunga, ambaye hatutamtaja jina. Amesimama katika chumba kile miaka 14. Mistari ilipoanza kutokea, na miguu kuwa mizito kila jioni kama iliyofungwa mawe, jirani mmoja alimwambia kuwa amekanyaga dawa ya mtu. Mwingine akamshauri achanjwe chale, damu mbaya itoke. Mwisho akasikia kwamba mjini yuko tabibu apigaye sindano na mishipa ikapotea kabisa. Akaja kwa katibu wa tawi na fomu ya mkopo wa chama cha akiba, akiomba itiwe sahihi. Katibu huyo ndiye mwandishi wa makala haya. Nilitia sahihi bila kuuliza neno. Leo ningeuliza mengi, na yale ambayo ningeuliza ndiyo niliyoyaandika hapa.

DAMU INAVYOPANDA

Moyo husukuma damu mpaka kwenye vidole vya mguu bila shida. Kazi ngumu ni kuirudisha juu. Damu hiyo hurudi kwa njia ya mishipa ambayo matabibu huiita vena. Ndani ya vena mna vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu. Damu ikishapita, kilango hujifunga isije ikarudi chini. Kinachoisukuma ni shavu la mguu. Kila unapopiga hatua, nyama za shavu hukaza na kuikamua vena, nayo damu hupanda kama maji yanavyopanda katika pampu ya kisima.

Sasa tazama yampatayo mtu aliyesimama mahali pamoja. Shavu la mguu limetulia, pampu haifanyi kazi, na uzito wote wa damu, kutoka moyoni hadi kifundo, umekalia vena za chini. Waliopima wameona kwamba kwa mtu aliyesimama tuli nguvu ya damu katika vena za mguuni hufika kiasi cha milimita 90 za zebaki, na kwamba akianza kutembea hushuka mpaka kiasi cha 30 au chini yake. Kwa hiyo mwenzetu anayechuma chai mlimani, pamoja na taabu zake zote za kikapu na mvua, kwa jambo hili moja pengine ana nafuu kuliko aliye ndani ya jengo, kwa kuwa yeye anapiga hatua.

Vena ikibanwa hivyo siku baada ya siku, hutanuka. Ikitanuka, vilango vyake havikutani tena, na damu huanza kurudi chini na kutuama. Vijishipa vidogo vilivyo karibu na ngozi navyo hujaa, na huo ndio utando wa buibui. Unene wake haufiki milimita 1. Vile vya kadiri ni vya milimita 1 hadi 3, na vinavyozidi hapo ndivyo viitwavyo vena zilizofura.

Meneja atasema kuwa ugonjwa huu ni wa kurithi, kwamba huwapata wenye umri mkubwa, wanawake waliozaa mara nyingi na watu wanene. Asemayo ni kweli, na ni vizuri tuyakubali, tusije tukashindwa katika mazungumzo kwa kubisha jambo la wazi. Tena ni ugonjwa wa watu wengi mno. Katika mji wa Edinburgh, Scotland, walipochunguzwa watu wazima zaidi ya 1,500, habari zao zikachapishwa mwaka 1999, zaidi ya 80 katika kila 100 walikuwa na vijishipa hivi kwa kiasi fulani, na wanaume hawakusalimika. Lakini kazi nayo ina sehemu yake. Huko Denmark wafanyakazi walifuatiliwa kwa miaka 12, na matokeo yakatolewa mwaka 2005. Wanawake waliofanya kazi ya kusimama au kutembea kwa robo tatu au zaidi ya saa zao za kazi walilazwa hospitali kwa vena zilizofura karibu mara 1.8 kuliko wenzao. Waliohesabu walisema kwamba zaidi ya mgonjwa mmoja katika kila 5 wa umri wa kufanya kazi aliupata ugonjwa huo kwa sababu ya kusimama huko. Denmark ni nchi ya viti vizuri na wakaguzi wa kazi wengi. Kila mtu ajaze mwenyewe hesabu ya kwetu.

SINDANO YENYEWE

Wengi hudhani kwamba dawa ya sindano hii husafisha damu. La, kazi yake ni kuudhuru mshipa kwa makusudi. Ikiingia ndani huunguza utando laini wa mshipa. Kuta zake huvimba, hugandamana, na njia hufungika. Damu iliyokuwa ikituama pale hutafuta njia katika vena zilizo nzima, ambazo ni nyingi, na ule mshipa uliokufa huyeyushwa na mwili polepole.

Elimu hii si ya juzi. Mwaka 1853 tabibu wa Lyon, Ufaransa, jina lake Pravaz, alitengeneza bomba dogo la sindano, na tangu hapo watu wakaanza kujaribu kuingiza dawa mishipani. Majaribio ya kwanza yaliwaletea wagonjwa usaha na homa kuliko nafuu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, matabibu waliokuwa wakitibu kaswende kwa sindano za mshipani, Sicard kule Ufaransa na Linser kule Ujerumani, waliona jambo ambalo hawakulitafuta: mshipa uliodungwa mara kwa mara kwa dawa hizo kali uligeuka mgumu na kuziba. Wakaona kuwa kinachoharibu mshipa mzima kinaweza kufaa kwa mshipa mbovu. Baadaye, katika miaka ya 1960, daktari Fegan wa Dublin, Ireland, aliongeza fundisho ambalo kwa mfanyakazi lina maana kubwa. Aliwadunga wagonjwa wake, akawafunga bendeji ya kubana, kisha akawaambia wainuke watembee kila siku. Hakuwalaza kitandani.

Dawa zinazotumika zaidi siku hizi ni polidokanoli, ambayo hapo mwanzo ilitengenezwa kuwa dawa ya ganzi, na sodiamu tetradesili salfeti. Kwa utando wa buibui polidokanoli huwa hafifu, asilimia 0.5, kwa mishipa ya kadiri huwa asilimia 1. Mgonjwa hulala. Daktari hutumia sindano nyembamba sana, akaingiza tone dogo, mililita 0.1 hadi 0.3 kwa kila tundu, na huenda akachoma matundu mengi kwa siku moja. Maumivu yake si makubwa. Waliochomwa husema ni kama kuumwa na siafu. Hapo huwekwa pamba, huvalishwa soksi ya kubana, na mgonjwa huambiwa atembee dakika 15 au 20 kabla ya kwenda zake. Kwa mishipa midogo soksi huvaliwa siku 2 au 3, kwa ya kadiri siku 5 hadi 7.

Asitazamie kuamka kesho na miguu ya kijana. Baada ya wiki 3 hadi 6 mishipa midogo huanza kufifia, na mikubwa huchukua miezi 3 au 4. Mara nyingi hurudia kuchomwa, na mingine haitoki kabisa. Hali kadhalika sindano haizuii mishipa mipya. Mtu akirudi pale pale, sakafu ile ile ya saruji, saa zile zile, mwili utaendelea kama ulivyozoea.

YA KUULIZA KABLA YA KUTOA FEDHA

Jambo la kwanza, na ndilo lililomponza mama yetu: je, tabibu amekutazama umesimama? Vijishipa vya juu huenda ni dalili tu ya vena kubwa iliyo chini yake, ile ipandayo upande wa ndani wa mguu hadi kinenani, ambayo vilango vyake vimeharibika. Hilo hujulikana kwa kumpima mgonjwa akiwa wima, na siku hizi kwa chombo kinachosikiliza au kuonyesha mwendo wa damu. Vena kubwa ikiwa inavuja, kudunga vijishipa vya juu ni sawa na kukumba maji katika mtumbwi ambao tundu lake halijazibwa. Mama yule alilazwa akachomwa siku ile ile aliyofika. Hakuna aliyemwambia asimame.

Vena kubwa ina dawa zake. Yaweza kuzibwa kwa moto wa leza au wa mawimbi ya redio unaopitishwa ndani yake kwa mrija. Yaweza kutolewa kwa upasuaji. Na yaweza kuchomwa ile ile dawa ya sindano ikiwa imepigwa na hewa mpaka ikawa povu, ufundi ambao Tessari wa Italia aliurahisisha mwaka 2000 kwa mabomba mawili tu ya sindano na bilula ya njia tatu. Huko Uingereza mwongozo wa mwaka 2013 unataka moto uangaliwe kwanza, kisha povu, kisha kisu. Kwetu vyombo vya moto ni vya hospitali chache, lakini upasuaji wa kale bado unafanywa, na si wa kudharauliwa.

Jambo la pili ni hali yako mwenyewe. Mwenye mimba asidungwe. Na mishipa mingi iliyotokea wakati wa mimba hupungua yenyewe baada ya kujifungua. Aliye na damu iliyoganda katika vena za ndani asidungwe. Mtu ambaye dawa hiyo ilikwisha kumdhuru asidungwe tena. Kwa nadra dawa huleta mshtuko wa mwili, pumzi zikabana na mtu akaanguka. Kwa hiyo asikubali mtu yeyote kuchomwa katika chumba cha nyuma cha duka, mahali ambapo hapana adrenalini wala mtu ajuaye kuitumia.

Jambo la tatu ni madhara ya kawaida. Muwasho na vilio vya damu chini ya ngozi hupita. Alama za rangi ya kahawia hufuata njia ya mshipa na zaweza kukaa miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Mara nyingine huzuka vijishipa vyekundu vipya kandokando ya pale palipochomwa. Dawa ikimwagika nje ya mshipa, au ikiingia katika mshipa wa damu itokayo moyoni, ngozi hufa na kuacha kidonda. Damu kuganda katika vena za ndani ni nadra, lakini hutokea.

Tena mtu ajiulize anachokitafuta. Utando wa buibui peke yake kwa kawaida haumdhuru mtu, na kuufuta ni jambo la sura. Sisemi kwamba mfanyakazi hana haki ya sura nzuri. Mama anayetaka kuvaa gauni lake siku ya arusi bila kuficha miguu ana haki hiyo sawa na mke wa meneja. Lakini mkopo wa sura na mkopo wa ugonjwa havilingani, na ni vizuri kujua unatia sahihi upi.

Zipo dalili ambazo si za sura. Ngozi ya karibu na kifundo ikigeuka nyeusi, ikawa ngumu na kuwasha, huo ni mwanzo wa kidonda, na kidonda cha vena huchukua miezi kupona. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na joto, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana huenda damu imeganda ndani, na bonge likikatika hupanda hadi mapafuni na kuua. Mshipa uliofura ukipasuka na kutoa damu, na hili hutokea hata kwa kujigonga kidogo kwenye ukingo wa sanduku, mgonjwa asiwekwe kitini: alazwe chini, mguu uinuliwe juu, na mahali penyewe pakandamizwe kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Wapo waliokufa kwa mshipa mdogo kama huo kwa kuwa walibaki wameketi.

Na si kila mguu uliovimba ni wa vena. Mwaka 2015 huko wilaya ya Kamwenge, magharibi ya Uganda, watu walifurwa miguu na hofu ikaenea. Uchunguzi ulionyesha kuwa chanzo ni udongo mwekundu wa milimani kwa watu waliolima bila viatu miaka mingi. Ugonjwa huo hausikii sindano ya mishipa hata kidogo. Huhitaji viatu, maji na sabuni. Wenzetu wa mashambani walikumbuke hilo wakati wa kudai viatu vya kazi.

HABARI KUTOKA KERALA

Katika jimbo la Kerala, India, wanawake wauzao nguo madukani walikuwa wakikatazwa kuketi tangu asubuhi hadi usiku, hata pasipo mnunuzi. Wengine walikatwa mshahara kwa kuegemea ukuta tu. Waliugua miguu, migongo, na kwa kuwa vyoo havikuwepo walijizuia kunywa maji wakapata na maradhi ya mkojo. P. Viji, fundi cherehani wa mji wa Kozhikode, aliwakusanya akina mama hao katika chama, wakadai vyoo kwanza, kisha viti. Mwaka 2018 serikali ya jimbo ilibadili sheria ya maduka ikamtaka mwajiri aweke viti. Mwaka 2021 jimbo jirani la Tamil Nadu likafuata.

Dai hilo si geni. Mkataba Namba 120 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1964, unasema katika kifungu cha 14 kwamba wafanyakazi wapewe viti vya kutosha na vinavyofaa, na wapewe nafasi ya kuvitumia. Mkataba huo ni wa maduka na maofisi. Sijui ni nani atakayetueleza tofauti ya goti la karani na goti la mfungaji chai.

TULIVYOFANYA

Mama yule alichomwa mara 3. Mwaka haukwisha mishipa ikawa imerudi, na pale ilipochomwa pamebaki michirizi ya kahawia. Tulimpeleka hospitali ya serikali, ambako daktari alimsimamisha juu ya kiti, akambana hapa na pale kwa vidole, akasema vena kubwa ya mguu wa kushoto inavuja. Amewekwa katika orodha ya upasuaji. Kwa sasa amepewa soksi ya kubana, ambayo aivaa asubuhi kabla ya kushuka kitandani, na ameambiwa usiku alale mguu ukiwa juu ya mto.

Tawi lilimwandikia meneja kuomba mambo matatu: viti virefu kwenye meza ya kufunga, ambavyo mtu aweza kuegemea nusu amesimama na mikono ikaendelea na kazi, mbao za kukanyagia juu ya saruji, na dakika 10 za kutembea kila baada ya saa 2. Tulitaja Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomtaka mwajiri alinde afya ya anaowaajiri. Meneja alijibu kwamba viti vitaleta usingizi. Tukamwomba ajaribu meza moja kwa mwezi mmoja, na apime mwenyewe masanduku yanayotoka. Alikubali, kwa shingo upande.

Mwezi ulipokwisha masanduku hayakupungua. Viti 8 vimekuja, nasi tulidai 22. Mbao zimetandikwa upande mmoja wa chumba. Zile dakika 10 bado zinazungumzwa. Wanaoketi wanabadilishana kwa zamu waliyoipanga wenyewe, na wameamua kwamba kiti kilicho karibu na dirisha ni cha mama yule. Mkopo wake wa sindano bado unakatwa kila mwisho wa mwezi; imebaki miezi 5.